Kigingi Nilichokihamisha Jumapili

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Wewe uliyejilaza kwenye kochi na miguu juu ya mto, amka. Sijaandika kwa mkono huu unaouma, kwenye kaunta buku ya kikundi chetu cha akina mama, ili mtu anisome amelala kama mgonjwa. Na msiruke kurasa. Nawajua. Mnasoma mwanzo, mnachungulia mwisho, halafu mnasema mmeelewa. Mimi nilifanya vibaya kuliko hivyo. Sikusoma hata mwanzo, na nusura nimuue mtu kwa ajili hiyo.

Shule nilisoma mpaka darasa la pili, upande wa Kilimanjaro nilikozaliwa. Darasa la tatu lilinikuta nimembeba mdogo wangu mgongoni. Baadaye, nikiwa nimeshaolewa huku Meru, nilipita elimu ya watu wazima nikajua kusoma upya, kwa kidole. Mpaka leo nasoma kwa kidole. Kidole kinatangulia, jicho linafuata, mdomo unakuja nyuma. Hilo si la aibu. La aibu ni hili nitakalowaambia.

Nyumba yetu mnaijua ilipo. Watu wa Njiro, kule mjini, wakitaka kuuona Mlima Meru wanafungua dirisha, wanapiga picha, wanafunga dirisha. Sisi tumekaa miguuni pake. Mvua inaweza kunyesha kule juu na hapa kwetu jua linawaka, nguo ziko kambani, halafu korongo likaja limejaa tope na mawe kama watu wanahama na vyombo. Miezi mingi korongo ni kavu, mbuzi wanapita, watoto wanacheza mpira humo. Ndiyo maana watu wanalisahau.

Kati yangu na korongo kuna mtu mmoja, jirani yangu. Shamba langu liko juu, lake liko chini, na nyumba yake imekaa hapo katikati. Ni mjane kama mimi. Watoto wake wameshaondoka wote, anaishi na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye anamsemesha kuliko anavyosemesha watu. Amemaliza darasa la saba, na kila anayepita ile njia anajua kwamba amemaliza darasa la saba. Ni mdogo kwangu kwa miaka michache, lakini shikamoo aliacha kunipa tangu tulipogombania mkungu wa ndizi. Mgomba ulikuwa wangu, mkungu ukainamia kwake. Sitaki kurefusha. Mkungu ulikuwa wangu.

Mpaka wetu ni mstari wa masale. Isale, kwa nyinyi mliokulia mjini, ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani, na ukishapandwa na wazee hakuna wa kuung'oa. Una kazi nyingine pia, nitaifikia.

Sasa wakaja wataalamu wa maafa. Tukakusanywa kwenye uwanja wa ofisi ya kitongoji, na mimi nilikwenda kwa sababu mwenyekiti alisema kutakuwa na soda. Aliyefundisha alikuwa binti mdogo, amevaa kizibao cha kung'aa na gambuti safi ambazo hazijawahi kukutana na tope. Alitusalimia kwa adabu, shikamooni bibi zetu, kisha akaanza maneno. Ustahimilivu. Tahadhari ya mapema. Makundi yaliyo katika mazingira hatarishi. Nilikuwa nimekaa nyuma, kivulini, na soda yangu, nafikiria mboga ya jioni, ndipo akaninyooshea kidole.

“Bibi yangu pale nyuma. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, jambo la kwanza mnafanya nini?”

“Tunaanua nguo,” nikasema.

Watu wakacheka. Binti hakukasirika. “Na la pili?”

“Tunaanua na za jirani, kama tunaongea.”

“Na kama hamuongei?”

“Basi za kwake zitajijua.”

Jirani yangu, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na mkoba magotini, akanyoosha mkono juu kabisa kama mtoto wa shule. “Tunahamia sehemu ya juu, mwalimu, sisi na mifugo yetu.” Mwalimu! Binti mwenyewe sawa na mjukuu wake. Akapigiwa makofi. Mimi nikamalizia soda.

Mwisho tukagawiwa vipeperushi. Jirani akachukua viwili, kimoja cha kusoma na kimoja cha akiba. Mimi nikachukua changu, nikakikunja mara nne, nikaingia nacho nyumbani, na kwa kuwa kabati letu la vyombo lina mguu mmoja mfupi na lilikuwa linanikera tangu Pasaka, nikakisukumia chini ya mguu ule. Kabati likatulia. Nikamwambia mkwe wangu, mama yenu, “Unaona? Semina zina faida.”

Alhamisi yake wale wataalamu wakarudi na vigingi. Miti imechongwa vizuri, imepakwa rangi nyekundu kichwani, wakawa wanaipigilia ardhini kufuata korongo. Sasa nisikilizeni. Huku kwetu ukiona mti uliopakwa rangi shambani una maana moja tu: umepimwa. Kuna mtu amekaa ofisini na karatasi, na karatasi hiyo inasema pale unapolima si pako. Alama nyekundu ukutani, jiandae kubomolewa. Kigingi shambani, jiandae kwenda baraza la ardhi. Hatujawahi kuwekewa kitu chekundu kwa faida yetu.

Mimi siku hiyo nilikuwa sokoni Kwa Mrombo na parachichi zangu. Nimerudi jioni, nimekikuta kimoja shambani. Si mpakani. Shambani, upande wangu wa masale, hatua tatu ndani, juu kidogo ya banda la kuku.

“Hiki nini?” nikamuuliza mkwe wangu.

“Wamepita wale wa semina, mama.”

“Wakasema nini?”

“Wakasema habari za kazi, wakapigilia.”

“Na wewe ukawaachia?”

“Walikuwa na nyundo, mama.”

“Jirani yuko wapi?”

“Ameondoka jana. Kisongo, kwa binti yake. Amejifungua.”

Nikajumlisha. Jirani kaondoka ghafla, siku ya pili kigingi kimeota kwangu. Mbele ya watu anainua mkono, nyuma ya watu ameleta mpima ardhi. Na nikaenda mbali zaidi, nikasema huenda hata huyo mtoto hakuzaliwa. Mungu anisamehe, mtoto alizaliwa, nimeshambeba, ana mashavu kama ya bibi yake.

Ijumaa na Jumamosi nilipita pale nikikitazama. Jumapili nikasema goti linaniuma, nendeni kanisani mkaniombee. Mlipopotea kwenye kona goti likapona. Nikachukua sururu.

Nilikusudia kukitupa tu korongoni. Lakini kiling'oka upesi kuliko hasira. Nikasema, kama mchezo ni wa kupima, na mimi nitapima. Nikashuka nacho, nikapita nyuma ya nyumba ya jirani, nikapita zizi, mpaka kwenye migomba yake ya mwisho, pale ukingo wa korongo unapoanzia, nikakipigilia hapo kwa mgongo wa sururu. Maana yangu ilikuwa hivi: shamba lako linaishia hapa, ukitaka zaidi kalime mawe. Lile shimo la juu nikalifukia, nikalisawazisha kwa mguu, nikamwagia na mbolea ya kuku juu ili asiwepo wa kuchunguza. Mliporudi mlinikuta nimekaa kibarazani na kitabu cha nyimbo mapajani.

“Goti vipi, mama?”

“Maombi yenu yamefika.”

Jumanne jirani akarudi kutoka Kisongo. Nilikuwa napalilia karibu na masale, makusudi, nataka kuona uso wake akikiona. Nikamwona anashuka mpaka kwenye migomba, anakizunguka kigingi, anakigusa. Nikasubiri kelele. Akapanda anakuja kwangu, anatabasamu mpaka meno ya nyuma.

“Jirani.”

“Naam.”

“Umekiona kigingi changu?”

“Kigingi gani?”

“Cha wataalamu. Wamekiweka kule chini kabisa. Nyumba yangu yote iko juu yake, na zizi.” Akajipangusa jasho kwa khanga. “Yaani nilikuwa nimeshakubaliana na binti yangu, mvua zikianza nimpeleke ng'ombe kwake na mimi nimfuate. Sasa siendi. Kisongo vumbi, na yule mkwe wangu anakoroma mpaka vikombe vinalia.”

“Sasa kigingi na wewe kwenda Kisongo vinahusianaje?”

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekuja bila daftari. “Hukusoma kipeperushi?”

“Nilisoma.”

“Kinasemaje?”

“Kinasema mengi,” nikasema, nikainama kupalilia.

Niliacha jembe hapohapo shambani. Nikaingia ndani, nikainua kabati kwa bega, nikachomoa ile karatasi, na vikombe viwili vya wageni vikaja chini. Nikakaa na kidole changu. Makande yalikuwa jikoni. Nilianza yakiwa yanachemka, nikamaliza yakiwa yananuka. Na karatasi ilikuwa inasema, kwa Kiswahili chepesi kabisa kisichokuwa na ustahimilivu wowote, kwamba kigingi chekundu kinaonyesha mahali maji yanapoweza kufika. Aliye upande wa chini wa kigingi ahame mapema mvua kubwa ikitangazwa, yeye na mifugo yake. Aliye upande wa juu abaki na awapokee wa chini.

Nikairudia, nikitumaini kidole kimeruka mstari. Hakikuruka.

Kwa hiyo banda langu la kuku lilikuwa upande wa maji. Na nyumba yote ya jirani ilikuwa upande wa maji, na jirani mwenyewe ndani yake, ametulia, kwa sababu amekisoma kigingi sawasawa. Yeye hakukosea hata herufi. Mimi ndiye niliyemwandikia uongo.

Mtaniuliza, si ungekwenda palepale ukamwambia? Nyinyi mnasema hivyo kwa kuwa hamna jirani. Kumwambia nimekosea ni jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kumwambia sikusoma ni kibaya zaidi, nimeshamwambia nimesoma. Halafu angeanza habari za mkungu. Nikaamua nitakirudisha kimyakimya kama nilivyokitoa.

Jumatano asubuhi akiwa amepeleka maziwa nikashuka na sururu. Nikakuta amekizungushia mawe. Amechagua mawe mazuri ya korongoni, meupe, akayapanga duara, na ndani ya duara amepanda maua. Amemwagilia. Kigingi kilikuwa kimependeza kuliko kaburi la mume wangu. Nikarudi na sururu yangu.

Mchana kikundi cha akina mama tukakutana, na mwenyekiti wa kitongoji akaja amekunja uso. Akasema amefuata vigingi kimoja kimoja na mstari hauendi sawa. “Mahali fulani unapinda kama njia ya mlevi,” akasema. “Hesabu ni kamili, kwa hiyo kuna mtu amehamisha. Sijui ni kipi hasa, ramani wanayo wataalamu. Wataalamu watarudi wiki ijayo wapime upya. Lakini aliyefanya hivyo ajue amecheza na roho za watu.”

Akina mama wakaanza kutazamana. Nikaona macho yatafika kwangu, basi nikasimama. Nimejifunza siku nyingi kwamba anayepiga kelele zaidi haulizwi.

“Mwenyekiti,” nikasema, “mtu huyo akipatikana asipigwe, sisi ni watu wa kanisa. Apewe kile kipeperushi apite nacho nyumba kumi, akisome kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, wenye nyumba wamekaa wanamsikiliza. Aone aibu.”

Wakapiga makofi. Jirani yangu akasimama. “Leo, kwa mara ya kwanza, mimi na jirani yangu tumekubaliana. Naongezea. Nitamsindikiza mimi mwenyewe, nimsahihishe anapokosea.” Ikaandikwa.

Nilirudi nyumbani nikijifariji kwamba wiki ijayo si mbali. Wataalamu watapima, watarudisha mti wao, mimi nitakuwa nimenyamaza zangu. Hata hivyo sikuwa na raha. Alhamisi nikajaribu njia za pembeni. Nikamwambia jirani nimeota maji yamejaa nyumbani kwake.

“Ulikula nini?” akauliza.

“Makande.”

“Yaliyoungua,” akasema. “Harufu ilifika kwangu. Ndoto yake lazima iwe hivyo.”

Nikamwambia goti limerudi, aje alale kwangu siku mbili tatu anisaidie. Akaniuliza mkwe wangu ana kazi gani. Nikamwambia basi walau amlete ng'ombe, zizi lake naona linavuja. Akaweka ndoo chini. “Miaka yote hii hujawahi kuuliza hali ya ng'ombe wangu. Unamtaka? Sema tu, hauzwi.”

Ijumaa mchana mkwe wangu akaja na redio mkononi. “Mama, wametangaza mvua kubwa kaskazini, kuanzia leo.” Nikatoka nje. Hapa jua, nguo ziko kambani. Lakini mlima haukuwepo. Kuanzia misitu kwenda juu palikuwa peusi kama chungu. Na chini, nyuma ya zizi, jirani alikuwa anamkwangua ng'ombe wake mgongoni, anamwimbia. Ng'ombe mwenyewe tumbo lilikuwa limefika magotini, siku zake za kuzaa zimekaribia.

Nikapaza sauti. “Jirani, wametangaza mvua. Panda juu.”

“Nimesikia,” akajibu. “Kigingi kiko chini yangu.”

Ndiyo hapo. Lilibaki jibu moja tu.

Nikaenda kwenye masale nikakata jani. Nimesema isale lina kazi nyingine. Kwetu ukimkosea mtu kosa kubwa unamwendea na jani la isale mkononi, na anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Kukasirika anaweza, kusema anaweza, lakini lazima asamehe. Kwa hiyo halibebwi kwa ugomvi wa mkungu wa ndizi. Linabebwa kwa damu, au kwa moto, au kwa mtu kumfukuza mama yake. Mimi nilikuwa sijawahi kulibeba maishani. Nililishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa na yai.

Jirani aliponiona nashuka nalo, burashi ikamtoka mkononi. Akashtuka mpaka akasema shikamoo.

“Marahaba,” nikasema.

“Umemuua nani?”

“Bado.”

“Jirani, usinitanie na jani hilo.”

“Kigingi nilikihamisha mimi. Mahali pake ni kule juu, karibu na banda langu la kuku. Nyumba yako yote iko chini yake. Na zizi. Na wewe.”

Akakaa kwenye jiwe. Matone ya kwanza yakaanza, makubwa, moja hapa moja kule.

“Kwa nini?”

“Nilidhani umenipima shamba.”

“Kwa hiyo ungeniacha niende na maji. Kwa hatua tatu za mbolea ya kuku.”

“Sikujua maana yake.”

“Uliniambia umesoma.”

“Sikusoma. Nilikiweka chini ya mguu wa kabati.”

Nawaambieni, la kwanza lilitoka kirahisi kuliko hili la pili. Nilitazamia atataja mkungu. Alinyoosha mkono, akalipokea jani, akalichomeka kwenye kilemba chake.

“Nimesamehe,” akasema, “kwa sababu sina ruhusa nyingine. Lakini anatangulia ng'ombe. Na hatakaa kwenye zizi lako, nalijua zizi lako. Atakaa jikoni.”

“Jikoni kwangu?”

“Kuna joto.”

Nikaita nyumba nzima. Ng'ombe yule hakuwa amesoma chochote na hakutaka kupanda. Mkwe wangu akavuta kamba, watoto wakasukuma nyuma, mimi nikashika mkia, jirani akatembea ubavuni anambembeleza na kunitukana kwa zamu. “Twende mama, twende mpenzi. Wewe sukuma, unashika mkia kama unashika rozari. Twende mama.” Tulipofika kwenye masale mvua ilishakuwa ukuta. Tukarudi mara mbili, kuchukua godoro, sanduku la nguo, na cheti chake cha darasa la saba kilichokuwa ukutani. Hicho alikibeba yeye, ndani ya blauzi.

Saa kumi na moja jioni korongo likaja. Hulioni kwanza. Unalisikia kwenye nyayo, ardhi inatetemeka kidogo kama gari kubwa limewashwa mbali. Halafu mawe. Tulisimama kwenye mlango wa jiko, mimi na yeye na kichwa cha ng'ombe katikati yetu, tukaangalia migomba ya mwisho inalala, halafu kigingi na mawe yake meupe na maua yake, havipo. Maji yakaingia zizini. Yakazunguka nyumba, yakasukuma mlango wa nyuma na kutokea mlango wa mbele. Ndipo nikasikia kuku.

Banda langu. Tangu Jumanne nilikuwa namhangaikia jirani, nikasahau kwamba lile shimo nililolifukia lilikuwa juu ya banda langu mwenyewe. Mkwe wangu alishakimbia, akarudi na kuku wawili kila kwapa. Banda likageuka upande, likashuka taratibu, jogoo amesimama juu ya paa lake kama kondakta. Tulimkuta kesho yake juu ya mlimau wa jirani, mzima, na tangu siku hiyo hawiki mpaka jua lipande.

Asubuhi tukaenda kupima, mimi na jirani. Nyumba yake ilisimama, lakini tope ndani lilifika usawa wa kitanda alichokuwa alalie. Tukafuata alama ya takataka kupanda juu, tukavuka masale, tukafika kwenye ile mbolea ya kuku niliyoimwaga Jumapili. Maji yalikuwa yameishia karibu kabisa na hapo. Hatua moja chini ya shimo la kigingi, haizidi. Yule binti wa gambuti safi hakuwa amebahatisha.

“Chimbua shimo,” jirani akasema.

“La nini?”

“Uone ulichokizika.”

Nikachimbua kwa mkono. Hakukuwa na kitu humo, mnajua. Lakini alitaka nipige magoti, nami nikapiga.

Ng'ombe alizaa jikoni kwangu siku ya tatu. Kwa siku tisa nimepika nje chini ya turubai, huku jirani amekaa kwenye kigoda changu ananiambia chumvi imezidi.

Mwenyekiti nilimwambia mwenyewe, kabla ya jirani hajamfikia. Akatafuta kwa utaratibu kwenye daftari, akasoma adhabu niliyoipendekeza kwa maneno yangu mwenyewe, akalifunga. “Nyumba kumi,” akasema. Hakucheka, lakini nilimwona anajikaza.

Nikapita. Jirani pembeni yangu na kile kipeperushi chake cha akiba, anafuatilia. Nyumba ya kwanza nilichukua muda mrefu mpaka wenye nyumba wakaleta chai. Kila nikikwama jirani anakohoa. Nyumba ya tatu mlikuwepo nyinyi vijana, mkanirekodi kwenye simu, nawajua, mmoja wenu anasoma haya sasa hivi na anajifanya siyo yeye. Nyumba ya tano mzee mmoja aliniuliza maana ya kigingi, na nikamweleza bila karatasi, nikamwonyesha kwa fimbo yake maji yalipita wapi, yakaishia wapi. Akasema na yeye alikuwa na mpango wa kukihamisha cha kwake. Nyumba ya nane mwenye nyumba alikiri kwamba ameshakihamisha. Tukakirudisha pamoja, sururu aliishika yeye.

Nyumba ya kumi jirani akaninyang'anya karatasi katikati ya sentensi. Mimi nikaendelea mpaka mwisho, bila kukwama.

“Hiyo si kusoma,” akasema. “Hiyo umekariri.” Akatoa kwenye mkoba wake karatasi nyingine, maelekezo ya dawa ya kuogesha ng'ombe, akanipa. “Soma hii.”

Nikaisoma. Kidole kikatangulia. Akakohoa mara mbili tu.

Wataalamu waliporudi walipigilia kigingi kipya kwenye shimo lilelile. Jirani alikizungushia mawe meupe, upande wangu wa masale, bila kuniomba ruhusa. Siku hizi redio ikitangaza mvua nguo za kwake naanua mimi, na ng'ombe anapanda mwenyewe hadi jikoni, na ndama nyuma yake. Shikamoo sijapewa tena.

Jioni ile niliyomaliza nyumba kumi niliwakusanya wote sebuleni, mkubwa na mdogo, na mkwe wangu akiwa bado na kuku mmoja kwapani. Kabati lilikuwa linacheza tena, vikombe vilivyobaki vinagongana. Nikawaambia: kuanzia leo karatasi yoyote itakayoingia nyumba hii, ya serikali, ya kanisa, ya dawa, hata iliyofungia maandazi, isomwe kwa sauti mpaka mwisho mbele yangu, na asiyeelewa aulize kabla hajalala. Baada ya hapo, kama bado inafaa, iwekeni chini ya mguu wa kabati.